Shangazi Nada, Fundi wa Majiko, na Gari ya Tabo

Shangazi yangu, Nada binti Suud, ana vidole viwili vya mkono wa kulia visivyokunjika sawasawa. Ukimuuliza, atakwambia ni jiko la Bi Mwanapili wa mtaa wa nyuma, lililomripukia mwaka wa themanini na sita, siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, na kwamba alimaliza kwanza kulitengeneza jiko lile ndipo akaenda hospitali. "Watu walikuwa wanangoja futari," husema. Kwake yeye hiyo ni sababu tosha.

Shangazi ni fundi wa majiko ya mafuta ya taa na taa za karabai. Hapa Mji Mkongwe mafundi wanaume wako wengi, lakini jiko liko jikoni, na jikoni kuna wanawake. Mwenye nyumba akiwa kazini, fundi mwanamme hapiti ukumbi hata awe na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Basi jiko lilikuwa lazima libebwe lipelekwe kwake, na jiko la pampu likishatikiswa kwenye vichochoro vyote vile, hufika limezidi kuharibika. Babu yangu Suud aliliona hilo. Mashamba ya karafuu yalipotoka mikononi mwa ukoo wetu, Babu alifungua karakana katika chumba cha chini cha nyumba yetu, na kati ya wanawe wawili akaangalia nani wa kumrithisha kazi. Baba yangu Khalil, ambaye ndiye mdogo, alipenda karatasi. Dada yake Nada alipenda kufungua vitu. Babu akamfundisha Nada.

Toka hapo akawa anapiga hodi, anavua viatu, anakaribishwa moja kwa moja mpaka jikoni na kikapu chake cha ukili chenye spana, bisibisi, waya wa kuzibulia na kipande cha ngozi. Ile ngozi ndiyo roho ya pampu. Huikata duara, akailowesha mafuta ya nazi usiku kucha, ikawa laini kama ulimi, halafu akaivisha kwenye kijiti cha pampu. Nimemuuliza Shangazi maswali mengi kuliko niliyomuuliza mwalimu yeyote wa skuli, na hakuna hata mara moja aliyonambia niende nikacheze.

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikwenda Maskati kutafuta, akapata, hakurudi, na talaka ikaja kwa barua. "Hata stempu aliibandika kichwa chini," Shangazi husema, na hucheka kicheko cha kweli. Baada ya barua ile alirudi kwetu na akarudi kwenye chumba chake cha chini, mlango wa kijani, benchi la Babu, na mashine ndogo ya kukereza vyuma inayozungushwa kwa mguu kama cherehani.

Sasa mwaka 2001, mwaka wa mambo haya, majiko yalikuwa yamepungua. Wengi walikuwa wameshanunua majiko ya gesi, na karabai zilibaki kwa wavuvi wa dagaa. Paa letu nalo lilivuja masika mazima, tukawa tunatega ndoo ukumbini. Bwana mmoja mwenye maduka ya vinyago akamwambia Baba kwamba anakitaka chumba cha chini, apange bidhaa zake watalii wazione wakipita, na yeye atatutengenezea paa zima.

Baba aliteremka jioni moja baada ya alasiri kuzungumza na Shangazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikisoma, au tuseme kitabu kilikuwa wazi.

"Dada," alisema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga sakafu iliyoroweshwa, "tangu tumalize Idi, umeletewa majiko mangapi?"

"Matatu."

"Na moja ni letu."

"Kwani letu halikuharibika?"

Baba akakaa juu ya gogo. "Si hivyo, Dada. Bwana wa vinyago anataka jibu Ijumaa, baada ya sala. Utahamia juu, kwenye chumba cha rosheni. Kina hewa, kina mwanga."

"Khalil, nilehemu shaba juu ya zulia la mama?"

"Huna haja ya kulehemu tena. Umefanya kazi, umechoka, sasa pumzika."

Shangazi aliendelea kupitisha waya kwenye tundu la jiko. Baba aliposhapanda ngazi, alinambia, bila ya kunitazama: "Kulthum, chumba hiki kikifungwa, mimi sitakuwa fundi tena. Ntakuwa mtu anayekaa kwa ndugu yake." Halafu akapuliza tundu, likatoa mlio mwembamba, akaridhika nalo.

Ilikuwa Jumamosi. Mpaka Ijumaa zilibaki siku sita.

Kaka yangu Basil alikuwa na balaa lake mwenyewe. Alikuwa amenunua gari iliyotumika, ya Kijapani, nyekundu, milango miwili, imepitia Dubai. Ilikuwa gari ya tabo. Haiwezi kuingia vichochoroni kwetu, kwa hiyo ilikuwa inalala Malindi, na Basil alikuwa akienda kuitazama mara tatu kwa siku kama mtu aliyelaza mgonjwa. Na kweli ilikuwa mgonjwa. Ukikanyaga mafuta ilijikokota, na ukiachia ilitoa mlio wa njiwa aliyeshtuliwa.

Siku ya Jumapili alikuja na kitu mfukoni, akakiweka mezani karibu na bakuli la mchuzi. Kilikuwa kama kikombe cha plastiki, chenye midomo miwili minene na kimrija kimoja chembamba juu.

"Ndicho hicho," alisema. "Valvu. Kipya nimeambiwa mwezi mzima mpaka kifike kutoka Dubai, na kikifika kitakuwa cha plastiki hivi hivi, kitachanika tena kwa joto."

Shangazi alinawa mkono, akakichukua. "Kinafanya nini?"

"Shangazi, hiki ni cha gari."

"Nimesikia. Kinafanya nini?"

Basil akaeleza, mwanzo kwa haraka, halafu polepole kwa sababu Shangazi alikuwa akimrudisha nyuma. Moshi unaotoka kwenye injini haupotei bure. Unazungusha feni ndogo, na feni ile inasukuma hewa kwa nguvu kuiingiza injini. Hiyo ndiyo tabo. Hewa ikiwa nyingi, mafuta yanaungua vyema, na gari inaruka. Lakini dereva akiachia mafuta ghafla, kuna kijilango kinachofunga njia ya kuingilia injini. Hewa iliyokuwa mbioni inakuta pamefungwa, inageuka, inaipiga feni usoni. Kazi ya valvu ni kufunguka wakati ule ule, hewa ile ipite pembeni irudi ilikoanzia.

Nikauliza, "Kama hamali akiziba kichochoro na gari lake la kusukuma, watu wakapita ndani kwa Bi Mwanapili watokee upande wa pili?"

"Kama hivyo," alisema Basil. "Na Bi Mwanapili ndiye huyu, kachanika."

Shangazi alitia kidole ndani ya ule mdomo mnene, akakizungusha. "Ngozi imepasuka."

"Si ngozi, ni utando wa mpira."

"Kinachozuia pumzi ni ngozi, hata kiwe mpira." Akakipeleka kwenye mwanga. "Mimi nikifanya, nafanya cha shaba. Utando siutaki. Natia pistoni, ipande na kushuka kama kwenye pampu. Nipe mpaka Jumatano."

"Shangazi, nnakwambia ni gari!"

"Na mimi nimesema ni sufuria?"

Baba alikuwa akila, lakini kijiko chake kilisita kidogo.

Siku tatu zile ndizo nilizofurahi kuliko zote mwaka ule, na skuli ilikuwa imefungwa. Shangazi alitoa chini ya benchi bomba la zamani la kupulizia dawa ya mbu, la shaba nzito, la enzi zile watu wa malaria wakipita nyumba kwa nyumba. Akalikata kwa msumeno, akalifunga kwenye mashine, akaanza kukanyaga. Vipande vya shaba vilitoka vimejikunja kama nywele za malaika. Akakereza pistoni mpaka ikawa inateremka ndani ya bomba kwa uzito wake wenyewe, polepole, kama mtu mzima anayekaa. Akalehemu midomo miwili na kimrija. Mwisho akakata ngozi, akailaza kwenye kisosi cha mafuta ya nazi.

"Gari haipikwi, Shangazi," Basil alisema alipokiona kisosi.

"Wala hailazwi na njaa."

Kwa juu ya pistoni palihitajika springi ya kuisukumia chini, ifunge. Shangazi alimwaga kopo lake la springi, akachagua iliyo nene kuliko zote, ya jiko kubwa la mgahawa. Jumanne jioni akaizamisha valvu yote ndani ya ndoo ya maji, akapuliza kwa pampu kupitia mdomo mmoja. Alipiga pampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna hata povu moja lililopanda.

"Unaona?" alinambia, uso wote ukimeremeta. "Haivuji hata chembe. Jiko linalovuja ni aibu ya fundi."

Baba alikuwa anapita na gazeti kwapani. "Sasa umekuwa fundi wa magari, Dada?"

"Fundi wa pumzi. Sijabadilika."

Jumatano asubuhi Basil aliifunga valvu ile mahali pake, ikang'ara chini ya boneti kama kikuku cha bibi harusi, na alasiri akaondoka kwenda Amani. Nje ya uwanja wa mpira vijana wenye magari yao hukutana jioni, na kati yao yuko Mmanga, ambaye gari yake nayo ni ya tabo, na ulimi wake una tabo kuliko gari.

Basil alirudi maghrib haijafika. Hakupanda juu. Alisimama mlangoni kwa Shangazi akiizungusha funguo kidoleni.

"Ikoje?" aliuliza Shangazi.

"Inavuta. Ukikanyaga inavuta vizuri sana, haijawahi kuvuta hivyo."

"Alhamdulillahi."

"Lakini ukiachia, Shangazi, inalia. Zamani ilikuwa njiwa. Sasa ni banda zima. Ko-ko-ko-ko-ko! Mmanga kaniuliza mbele ya watu wote, 'Yakhe, umepakia kanga wangapi humo?' Watu wameanguka chini kwa kucheka. Na gari nzima inanuka mandazi."

Shangazi aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono. Baba alikuwa ngazini, na sote tulijua amesikia. Hakucheka. Alisema tu, kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Basi, Dada. Umejaribu. Keshokutwa ntampa yule bwana jibu lake."

Usiku ule Shangazi alikula kidogo, akalala mapema. Asubuhi ya Alkhamisi nilimkuta ameshavaa buibui, karabai nne zimefungwa magunia, kikapu cha ukili mkononi.

"Mwambie kaka yako anipeleke Makunduchi," alisema. "Karabai za Borafya ziko tayari. Na gari yake nataka kuisikia mwenyewe. Nimetengeneza kitu sijapata kukisikia kikifanya kazi. Hivyo ni ufundi gani?"

Basil hakutaka, lakini nani anayemkatalia Shangazi? Shangazi alikaa mbele, karabai mbili miguuni. Mimi nilijibana nyuma na mbili nyengine. Tulipotoka mjini alimwambia Basil, "Kanyaga." Gari ikatupa nyuma sote. "Achia." Ko-ko-ko-ko! Mama mmoja aliyekuwa akianika mhogo kando ya njia aligeuka kutafuta kuku.

"Tena."

Ko-ko-ko-ko!

"Tena. Polepole. Sasa achia ghafla. Sasa achia kidogo kidogo." Alikuwa amefumba macho, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya akisikiliza jiko kabla ya kulifungua. Tulifanya hivyo Tunguu, tukafanya hivyo mpaka tukaupita msitu wa Jozani, na Basil akawa anazama kwenye kiti kila tulipopita watu. Shangazi hakusema alichokisikia. Mimi nilidhani amekata tamaa.

Borafya ni mvuvi wa dagaa, mtu mfupi mwenye kifua kipana, na mteja wa Shangazi tangu enzi za Babu. Alitusikia kabla ya kutuona, kwa sababu alikuwa amesimama njiani anacheka.

"Bi Nada! Nlidhani mmeleta kitoweo!"

"Cheka, Borafya, cheka. Meno yako bado unayo. Njoo ujaribu taa zako."

Mkewe, Bi Kidawa, alitutandikia jamvi upenuni na kutuletea madafu. Borafya akaijaribu karabai ya kwanza palepale. Akaitia pampu mara ishirini, akaiwasha, akaikinga na upepo mpaka ikang'ara nyeupe mchana kweupe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, kuizima, akafanya kama wanavyofanya watu wote: akalegeza kile kiparafujo kidogo ubavuni.

Fssssss. Pumzi ikatoka, taa ikazimika.

Shangazi alikuwa na dafu mdomoni. Akalitua. "Fanya tena."

"Taa nzima, Bi Nada, haina kasoro."

"Nnajua haina kasoro, nimeitengeneza mimi. Fanya tena."

Borafya akaitia pampu, akalegeza. Fssssss.

"Ya Rabbi," alisema Shangazi, na akaanza kucheka peke yake, bega linatikisika. "Nimefanya jiko! Basil, fungua boneti, nimekutengenezea jiko!"

Tulimzunguka wakati Basil akiifungua valvu. Shangazi alikaa nayo juu ya jamvi, akaipangusa kwa ncha ya kanga ya Bi Kidawa.

"Mimi maisha yangu yote kazi yangu ni kuzuia pumzi isitoke," alisema. "Kwa hiyo nimeijaribu kwa kupuliza, na ilipozuia nikashukuru. Lakini hiki kimrija chembamba cha juu, Basil, ukiachia mafuta kinafanya nini? Kinapuliza?"

Basil akafikiri. "Hapana. Kinavuta. Injini inakuwa inavuta hewa, haipati."

"Basi." Shangazi akakitia kimrija mdomoni, akavuta kwa nguvu zake zote. Mashavu yakaingia ndani. Pistoni haikusogea. Akaniangalia mimi, akamwangalia Borafya, akampa. Borafya, na kifua chake kile cha kuzamia, akavuta mpaka macho yakamtoka. Pistoni ikapanda nusu ya ukucha, ikarudi tap.

"Springi ya mgahawa," alisema Shangazi. "Nimeogopa kuvuja, nikaweka mlinzi asiyefungulia hata mwenye nyumba."

"Ukiweka dhaifu," Basil aliuliza, "haitafunguka wakati nimekanyaga? Si itavuja?"

Nilijua anauliza vyema, kwa sababu Shangazi aliirudia valvu kwanza. Aliipinda shingo, akapuliza kidogo kwenye kimrija, kidole chake kikiwa chini ya pistoni.

"Ukikanyaga, hewa ya tabo inafika mpaka huku juu pia, siyo? Basi inaikandamiza pistoni yenyewe. Hewa ndiyo inayofunga mlango. Springi ni ya kuukumbusha tu."

Kopo la springi lilikuwa limebaki mjini. Bi Kidawa akaingia ndani, akatoka na kurunzi iliyooza, ya betri tatu. Shangazi akafungua kitako chake, akaitoa ile springi laini ya kusukumia betri, akaikata kwa koleo, akaipima kwa kuibonyeza kwenye kidole kimoja cha vile viwili visivyokunjika, kwa sababu anasema ndivyo vyenye kuhisi zaidi. Akaipachika. Akavuta kwa kimrija, safari hii kwa pumzi ndogo tu kama ya mtu anayekunywa uji wa moto, na pistoni ikapanda juu bila ya kelele, ikasimama pale. Akaachia, ikashuka. Akamkabidhi Bi Kidawa naye avute. Halafu mimi. Halafu watoto wa jirani, mpaka Basil akasema jamani, nataka kuifunga kwenye gari yangu.

Njiani kurudi tulizipita nyumba za mwisho. Basil akakanyaga, gari ikaruka. Akaachia.

Fuuu.

Ni hivyo tu. Mlio wa mtu aliyetua mzigo. Basil akakanyaga tena kabla ya kuambiwa, na gari ikashika papo hapo, haikuhitaji kuvuta pumzi. Alifanya hivyo mara kumi, na kila mara akageuka kumtazama Shangazi, na kila mara Shangazi akamwambia, "Tazama njia."

Tulipitia Amani kwa makusudi, wala sitasema ni makusudi ya nani. Mmanga alikuwa ameegemea gari yake.

"Basil! Kanga umewauza wapi?"

"Nimewachinja."

Mmanga akasikiliza gari ikipita mbele na kurudi, akaacha kucheka. Akaomba boneti ifunguliwe. Akainama juu ya ile shaba, akaigusa, akaondoa kidole haraka kwa joto. "Hii umeagiza wapi? Uingereza?"

"Muulize mwenyewe," alisema Basil, na akaonyesha kwa kidevu.

Mmanga akachungulia ndani. Akamwona mwanamke mtu mzima amevaa buibui, amepakata kikapu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bibi yako yuko kwenu. Mimi Bi Nada."

"Samahani, Bi Nada. Yangu mimi nayo imechanika. Na ya mwenzangu yule pale. Tunakuja kesho?"

Hapo nikamwona Shangazi anasita kwa mara ya kwanza tangu Makunduchi. Wateja wake wote walikuwa wanawake, au wavuvi waliomjua tangu utoto. Vijana wa Amani kuingia chumbani kwake mmoja mmoja, yeye peke yake, mtaa wetu ungesema nini? Akarekebisha buibui.

"Mje baada ya sala," alisema. "Lakini msije kwangu. Mwulizeni Khalil, ndugu yangu, barazani. Yeye ndiye atakayesema."

Basil alinitazama kwenye kioo. Jibu la bwana wa vinyago lilikuwa saa ile ile.

Ijumaa, bwana wa vinyago alifika amevaa kanzu iliyonyooka, akakaa na Baba barazani. Shangazi alikuwa ndani, mlango wa kijani umerudishwa nusu. Hakuwa anafanya kazi. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilimsikia akipumua. Baba alikuwa amesharudi na Basil kutoka kuijaribu gari mpaka Bububu, asubuhi, na alipopanda ngazi alikuwa anasema fuuu chini kwa chini.

"Basi Bwana Khalil, tunakubaliana?" alisema bwana wa vinyago.

Kabla Baba hajajibu, Mmanga akatokea na wenzake watatu, kofia vichwani, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki mkononi kama watu wanaokuja kuomba sukari.

"Asalaam aleikum. Hapa ndipo kwa Bi Nada, fundi wa valvu?"

Baba aliwatazama. Akamtazama mgeni wake. Shangazi aliushika mlango.

"Waaleikum salaam," alisema Baba. "Ndipo hapa. Lakini hamuingii ndani. Mnakaa hapa na mimi, mnanipa mimi, na mimi nampa yeye. Mnasikia?" Akamgeukia bwana wa vinyago. "Chumba hiki kina mwenyewe, bwana. Lakini kipo kile cha upande wa pili wa mlango mkubwa, nnapowekea magazeti yangu na redio. Kinatazama njia vile vile."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Si unaona?" Baba alisema, akisogea kuwapisha vijana. "Nshapata kazi."

Bwana wa vinyago alikubali, na paa letu sasa halivuji. Magazeti ya Baba yamehamia chini ya benchi la Shangazi, na wanagombana kwa ajili ya magazeti hayo kila wiki. Baba anawafundisha wateja adabu, anawauliza ukoo, akimjua babu yake mtu humchelewesha nusu saa. Jana alikuja mmoja kutoka Kendwa, anaendesha wageni wa hoteli, na gari yake haina tabo kabisa.

"Dada!" Baba aliita.

"Naam!"

"Huyu anataka valvu, na gari yake haina pa kuitia."

"Mwulize anayo shida gani."

Baba akamwuliza. Kijana akanong'ona. Baba akaita tena kwa sauti ya heshima kubwa: "Anasema mama yake ana jiko."

Shangazi alikuwa ameshachukua kikapu.